Uingereza: vile pombe ya nyumbani iliokoa bia za zamani

Hadi mwaka 1963, mtu wa Uingereza aliyetaka kupika bia nyumbani kwake, ya kunywa yeye na jamaa yake tu, ilimlazimu kuwa na kibali cha serikali. Sheria hiyo ilikuwa ya mwaka 1880. Mwezi wa Aprili 1963 waziri wa fedha, Reginald Maudling, akaifuta. Tangu siku zile mtu mzima anaweza kupika bia kwake bila kulipa kodi wala kuandikishwa popote. Sharti ni moja: asiuze, hata chupa moja.

Kwa msomaji wa huku kwetu, ambako mama anakamua ndizi zake na kutengeneza kasiksi bila kuuliza mtu, habari hii inashangaza kidogo. Lakini zamani hata kwao ilikuwa hivyo. Pombe ilikuwa kazi ya wanawake, sawa na kuoka mkate. Kule Scotland, ile nchi ambayo kwa Kifaransa tunaiita Écosse, mji wa Aberdeen mwaka 1509 ulikuwa na wapika pombe zaidi ya 150, na wote walikuwa wanawake.

Kazi hiyo iliwatoka mikononi polepole. Kwanza ilikuja hopsi, ile ambayo kwenye chupa za bia zetu imeandikwa houblon. Maua haya yanatia uchungu, tena yanazuia bia isiharibike upesi. Pombe isiyokuwa na hopsi inapaswa kunywewa kwa siku chache, kwa hiyo kila mtaa ulihitaji mpishi wake. Bia yenye hopsi inaweza kukaa na kusafirishwa mbali, na hapo mwenye mapipa makubwa na feza nyingi ndiye anashinda. Wanaume wenye mali wakaingia. Alafu zikaja kodi. Mwaka 1725 serikali ya London ilipotoza kodi ya kimea huko Scotland, watu wa Glasgow walifanya fujo hadi wakaivunja nyumba ya mbunge wao, Daniel Campbell. Kodi ya kimea iliondolewa mwaka 1880, na mahali pake wakaweka kodi ya bia yenyewe. Njo hapo mpishi wa nyumbani akatakiwa kuwa na kibali. Wengi wakaacha.

Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vidogo vilimezwa na vikubwa, mpaka sehemu kubwa ya soko la Uingereza ikabaki mikononi mwa makampuni sita. Hayo yalipenda bia iliyochujwa, iliyopashwa moto kuua chachu, na kutiwa gesi. Haiharibiki, na kila mahali ladha ni ile ile. Wapenzi wa bia ya zamani waliona wanaibiwa. Mwaka 1971 vijana wanne Waingereza waliokuwa likizoni Ireland walianzisha chama cha kutetea bia hiyo, kinachojulikana kama CAMRA. Madai yao yalikuwa wazi: bia iwe hai, yaani iendelee kuchacha ndani ya pipa lile lile ambamo itamiminwa, bila kuongezewa gesi.

Bia ya namna hiyo inakaa katika chumba cha chini cha baa, kwenye joto la digrii 11 hadi 13. Haiko moto kama watu wanavyosema, lakini haiko barafu pia. Haina povu la kuruka, na inatolewa kwa pampu ya mkono katika bilauri ya mililita 568. Mtu aliyezoea Primus ya kutoka friji atakunja uso kwa mara ya kwanza. Apewe muda. Baridi kali inaficha ladha, na bia hizi zimejaa ladha ya mkate, karanga, matunda na sukari iliyoungua.

Wakati chama kinapiga kelele kwenye baa, wapishi wa nyumbani walikuwa wanafanya kazi yao jikoni. Maduka ya dawa ya Boots yaliuza mikebe ya kimea kizito kama asali: unaongeza maji, sukari na chachu tu. Mara nyingi bia yake ilikuwa mbaya, lazima kusema ukweli. Alafu mwaka 1974 Dave Line akatoa kitabu chake The Big Book of Brewing, ambacho kiliwafundisha watu wa kawaida kupika kuanzia nafaka yenyewe, kwa vyombo vya plastiki vya nyumbani. Kikundi kingine, Durden Park Beer Circle, kilifanya kazi ya ajabu: kilitafuta madaftari ya viwanda vya karne ya 18 na 19, kikahesabu upya vipimo, kikapika. Bia kama porter ya London, nyeusi na nzito, ilikuwa imetoweka kabisa sokoni huko Uingereza. Ikarudi kwanza kwenye ndoo za watu hao.

Bia za Scotland zinastahili maelezo ya pekee, juu ya majina yake. Zinaitwa kwa shilingi: 60, 70, 80, 90. Katika karne ya 19 hiyo ilikuwa bei ya pipa. Bia yenye nguvu ililipiwa zaidi. Bei zilikufa, majina yakabaki. Siku hizi ya shilingi 60 ni nyepesi, chini ya asilimia 3.5 ya kileo. Ya 70 inafika karibu 4. Ya 80 iko kati ya 4 na 5 na kitu. Juu yake kuna ile wanayoiita wee heavy, maana yake « kazito kadogo », ambayo inaweza kupita 6 na hata 8. Inanywewa katika chupa ndogo, na si kwa haraka.

Kuna hadithi zinazorudiwa sana kuhusu bia hizi, na inafaa kuzikataa. Moja inasema Waskoti walitia hopsi kidogo kwa sababu haioti kwao. Madaftari ya viwanda vya Edinburgh yanaonyesha kinyume: waliinunua nje na kuitumia kwa wingi, na bia yao ya uchungu ilipelekwa mpaka India. Nyingine inasema kimea chao kilikaushwa kwa moshi wa udongo wa bwawani. Hiyo ni ya wiski. Na rangi nyeusi? Katika karne ya 20 mara nyingi ilikuwa karameli iliyotiwa mwishoni, ndiyo maana ile nyepesi ya shilingi 60 ilikuwa mara nyingi nyeusi kuliko zote!

Ginsi ya kupika haitamshangaza anayejua pombe ya mtama. Shayiri inaloweshwa, inaota, inakaushwa: hicho ni kimea. Kwa lita 23 za bia ya shilingi 80, mpishi wa nyumbani anachukua kama kilo 4 na nusu za kimea kilichosagwa, anakiloweka saa moja katika maji ya digrii 67 hivi. Joto likizidi sana, nguvu ya kimea ya kugeuza wanga kuwa sukari inakufa. Likipungua sana, bia inatoka nyembamba. Anachuja, anachemsha maji hayo saa moja pamoja na hopsi gramu 30 au zaidi, anayapoza upesi mpaka digrii 20, ndipo anatia chachu. Baada ya wiki moja hivi anajaza chupa, na sukari kidogo sana ndani. Sukari ikizidi, chupa inapasuka. Vyombo vyote vioshwe na kuuliwa vijidudu. Wengi wanaoharibu bia wanaharibia hapo.

Kugeuza pombe hiyo kuwa kali kwa kuichemsha na kukusanya mvuke, kama lotoko, bado kunakatazwa huko bila kibali.

Wengine walitoka jikoni wakafika sokoni. Karibu na Peebles, katika jumba la kale la Traquair, mwenye nyumba Peter Maxwell Stuart alikuta vyombo vya bia vya karne ya 18 chini ya kanisa dogo la jumba. Mwaka 1965 akaanza kupika tena, na bia yake ya asilimia 7.2 inachacha hadi leo katika mapipa ya mbao. Kule Glasgow, Bruce Williams alikuwa na duka la vifaa vya wapishi wa nyumbani. Huko alipata maelezo ya bia ya kale inayotiwa maua ya bruyère, kichaka kinachofunika milima ya Scotland kwa rangi ya zambarau. Alijaribu mara nyingi, akaipatia, akachukua kibali cha kuuza. Bia hiyo inaitwa Fraoch, jina la ua hilo kwa Kigaeli, na sasa inatengenezwa katika kiwanda cha jamaa yake mjini Alloa.