Kile kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu

Tangu mlipoona picha zangu na zile nguo za kijani mmeshanipa udaktari. Mimi siyo daktari jamani. Ni fundi wa mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, hapa Seattle, na kutwa mikono yangu iko kwenye mipira na vibanio. Leo nawaletea historia ya hivyo vibanio. Msicheke, ni habari ndefu kuliko mnavyodhani, na inafika hadi Muheza.

Kwanza tuelewane. Koki ya bomba la maji inakaa ndani ya njia ya maji, kwa hiyo maji yanaigusa, na uchafu unapata pa kujificha. Kibanio hakiingii ndani. Kinaubana mpira kwa nje tu, kama unavyokunja mpira wa kumwagilia bustani ili maji yasimame. Damu au dawa haigusi kitu chochote isipokuwa ule mpira wenyewe. Ndiyo maana hospitali zinakipenda.

Mtu wa kwanza kutibu kipindupindu kwa kuingiza maji ya chumvi kwenye mshipa alikuwa Thomas Latta, daktari wa mji wa Leith kule Scotland, mwaka 1832. Alitumia bomba la sindano, maana mpira mzuri ulikuwa bado. Mpira wa wakati ule ulinata kwenye joto na kukauka kwenye baridi, mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipogundua kuupika na salfa. Hataza yake ni ya 1844. Baada ya hapo ndipo watu walipopata mpira unaobanwa ukarudi katika umbo lake.

Sasa anakuja ninayempenda mimi, Karl Friedrich Mohr, mfamasia wa Koblenz, Ujerumani. Mliosoma kemia mnaikumbuka bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye alama. Koki za kioo zilikuwa zinagandishwa na dawa kali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Kwenye miaka ya 1850 Mohr aliweka kipande cha mpira chini ya bureti na kukibana kwa kibanio cha waya chenye springi. Ukikiminya kwa vidole, maji yanashuka. Ukikiachia, kinajifunga chenyewe. Kishikeni hicho kichwani: ukikiachia, kinajifunga.

Dripu za hospitali hazikufuata njia hiyo. Kampuni ya Baxter ilianza kuuza maji ya dripu yaliyo tayari kwenye chupa za kioo mwaka 1931, baadaye ikaja mipira ya plastiki ya kutumia mara moja na kutupa, na kwenye hataza za Marekani za miaka ya 1960 tunakiona kile kigurudumu mnachokijua wote. Kinatembea ndani ya kifuko chenye mteremko. Kadiri kinavyosogea upande mwembamba ndivyo mpira unavyobanwa. Ni rahisi, hakihitaji umeme, na nesi anakiendesha kwa kidole gumba kimoja. Lita moja iishe kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita? Anahesabu matone 42 kwa dakika, basi.

Ila kina tabia mbili. Plastiki iliyobanwa hainyamazi, inaendelea kulegea taratibu kama godoro la sponji, kwa hiyo matone uliyoyahesabu saa nne huenda siyo yale ya saa nne na nusu. Nesi mzuri anarudi kuhesabu tena. Tabia ya pili ndiyo mbaya zaidi. Kigurudumu kinabaki pale pale ulipokiacha. Ukisahau kukifunga, hakijifungi.

Hapa Seattle kuna kisa kinachohusu kazi yangu. Mwezi Machi 1960 Dk. Belding Scribner na wenzake walimwekea mgonjwa aitwaye Clyde Shields mirija miwili ya Teflon mkononi, mmoja kwenye mshipa unaotoka moyoni na mwingine kwenye unaorudi. Kabla ya hapo mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa hakuwa na tumaini, maana mishipa iliharibika kwa kutobolewa kila mara. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Lakini hebu fikirini, mirija ile ilikuwa nje ya ngozi, imeunganishwa tu. Ikiachana usiku, damu yote inamwagika kitandani. Kwa hiyo wagonjwa wenye mirija ya namna hiyo walifundishwa kutembea na vibanio viwili vimebandikwa kwenye bandeji, sokoni, kazini, hata usingizini. Mwaka 1966 madaktari wa New York walionesha njia ya kuunganisha mishipa yenyewe chini ya ngozi, na mirija ya nje ikaanza kuachwa.

Mashine ninazohudumia leo zinapitisha mililita 300 hadi 400 za damu kwa dakika. Yaani damu yote ya mtu mzima inazunguka kwa kama robo saa. Kwenye mpira unaorudisha damu kuna kibanio kinachoshikwa wazi na umeme. Hewa ikionekana kwenye mpira, au umeme ukikatika, springi inabana papo hapo. Mnaona? Mohr amerudi.

Kwenye dripu alichelewa kurudi. Pampu za umeme zilipoenea, nesi akitoa mpira kwenye pampu huku kigurudumu kiko wazi, mfuko mzima ulishuka kwa mgonjwa kwa dakika chache. Kama ndani kuna mofini, mtu anakufa, na walikufa. Mwaka 2003 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za Marekani, kiliweka katika malengo yake kwamba pampu ziwe na kinga ya kuzuia mmiminiko huo. Mpira ukitoka, kibanio kijifunge chenyewe. Miaka mia moja na hamsini baada ya bureti! Kwa maoni yangu walichukua muda mrefu mno kumlaumu nesi badala ya kibanio.

Huko nyumbani dripu nyingi bado zinategemea kigurudumu peke yake, na hapa ndipo Muheza inapoingia. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, na Teule ya kwetu ilikuwemo. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mshtuko, siyo wale wa kuharisha. Waliopewa maji mengi kwa kasi, karibu 11 kati ya kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Ambao hawakuharakishwa, 7. Wataalamu wengi walitegemea kinyume chake.

Shangazi, uliniambia kwenye simu kwamba ulikisogeza kidogo kile kigurudumu cha mjukuu wako ili dripu iishe mrudi kabla ya giza. Hauko peke yako, wodi nzima wanafanya. Safari nyingine ukiona matone yanakwenda polepole, mwite nesi ayahesabu. Saa yake ina mshale wa sekunde kwa kazi hiyo hiyo.