Shingo waliiona, tumbo hawakuliona

Wiki hii nilipanga kuandika siasa. Nimeghairi. Nimekuwa nikisoma habari za chumvi, naam, chumvi hii hii ya mezani, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nyuma ya yale maneno mawili ya kwenye pakiti, "madini joto", kuna historia ndefu ya wanawake wajawazito ambayo shuleni hatukufundishwa. Acha niisimulie kama nilivyoielewa. Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari tu.

Mbele ya koo kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, inaitwa thairoidi. Hutengeneza homoni zinazoamua mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Malighafi yake ni aidini, ambayo sisi tumeibatiza madini joto. Aidini ikipungua, tezi huhangaika hadi ikavimba, na hilo ndilo tezi la shingo, au rovu kwa lugha ya kamusi. Homoni ikipungua mtu huchoka, husikia baridi, hunenepa bila sababu, ngozi hukauka, choo huwa kigumu. Sasa mwambie mama mwenye mimba ya miezi miwili kwamba kuchoka ni dalili ya ugonjwa! Atakuambia ni mimba hiyo. Na mara nyingi atakuwa sahihi, ndiyo maana ugonjwa huu umejificha kwa wajawazito miaka nenda rudi.

Aidini yenyewe iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, akiwa kwenye shughuli za kutafuta malighafi ya baruti katika majivu ya mwani. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wa rovu. Wengine walinywa kupita kiasi wakaumwa, dawa ikaharibikiwa jina. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Ndiyo, kondoo! Mama yule alikuwa amezorota kabisa kwa kukosa homoni, akainuka, akaishi miaka 28 mingine.

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 mambo makubwa yalikuwa yanajulikana. Uswisi ilianza kuweka aidini kwenye chumvi mwaka 1922, jimbo la Michigan huko Marekani mwaka 1924. Lakini tazama walikuwa wanapima nini. Shingo! Majaribio ya David Marine katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, yaliyoanza mwaka 1917, yalifanywa kwa wasichana wa shule, na swali lilikuwa kama shingo zao zitavimba au la. Shingo inaonekana, inapimika, na inamharibia binti sura, basi macho yote yakawa hapo.

Hata hivyo kulikuwa na jambo jingine katika vijiji hivyo vya milimani. Walizaliwa watoto viziwi, wasiosema, wafupi mno, wenye ulemavu mzito wa akili, wengine wasioweza kutembea vizuri. Madaktari wa Ulaya waliwaita kretini, na neno hilo baadaye likageuka tusi. Robert McCarrison, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gilgit na Chitral, aliandika habari zao mwaka 1908. Yeye sababu ya rovu aliitafuta kwenye maji machafu. Wengine walisema ni damu mbaya ya ukoo. Wachache walifikiri kwamba tatizo lingeweza kuwa lilianza kabla mtoto hajazaliwa, lakini nani angelithibitisha?

Jibu lilikuja kutoka mahali ambapo wengi wetu hatuwezi kupaonyesha kwenye ramani: bonde la mto Jimi, nyanda za juu za Papua New Guinea. Mwaka 1966 daktari Peter Pharoah na wenzake walipita vijijini wakadunga familia sindano kwa zamu. Familia hii inapata mafuta yenye aidini, inayofuata inapata maji ya chumvi tu. Kisha wakasubiri watoto wazaliwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kwa akina mama waliodungwa maji, watoto 26 kati ya 534 walikuwa na ulemavu ule. Kwa waliodungwa aidini walikuwa 7 kati ya 498.

Hao 7 ndio walionifanya nirudie kusoma ukurasa ule. Mama 6 kati ya mama zao walikuwa tayari ni wajawazito siku ile ya sindano. Yaani dawa ilifika, lakini ilifika mimba ikiwa imeshaanza safari. Hapo ndipo dunia ilipopata uhakika kwamba suala si shingo ya mtoto wala maziwa anayonyonya. Suala ni mwili wa mama, katika wiki ambazo pengine hata yeye hajajua ana mimba.

(Kuhusu wale waliopata maji ya chumvi, siwezi kupita kimya. Leo kamati yoyote ya maadili ingeuliza maswali mazito. Ushahidi uliowanufaisha akina mama wa mabara mengine ulilipiwa na watoto 26 wa bonde lile.)

Sababu yake siku hizi inafahamika. Mtoto tumboni hawezi kujitengenezea homoni ya kutosha mpaka inapokaribia nusu ya ujauzito. Kabla ya hapo anaishi kwa mkopo wa mama, na ni wakati huo huo ubongo unajengwa. Tezi ya mama inalazimika kufanya kazi ya ziada, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 za aidini kwa siku kwa mjamzito, wakati mtu mzima mwingine anatosheka na 150.

Jirani zetu wa Kongo nao wana ukurasa wao. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti François Delange, Claude Thilly na wenzao waligundua miaka ya 1960 kwamba rovu limejaa kaskazini na ni chache kusini-magharibi, ingawa aidini ilikuwa haba pande zote mbili. Uchunguzi ukaelekea kwenye muhogo, ambao usipoandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuchukua aidini kidogo iliyopo.

Kwetu, Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa, alichapisha mwaka 1965 uchunguzi wake wa Ukinga, nyanda za juu kusini, na kuonyesha jinsi rovu lilivyoenea kule. Taasisi ya Chakula na Lishe ilipoundwa mwaka 1973 ililikuta tatizo likisubiri. Kuanzia mwaka 1986 hadi miaka ya 1990 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye aidini katika wilaya zaidi ya 20 zilizoathirika. Wazo lilikuwa kila mtu apate kila baada ya miaka 2. Mnajua nchi yetu, mara nyingi vilichelewa.

Ucheleweshaji huo ukawa zawadi kwa watafiti. Mwaka 2009 Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walilinganisha watoto ambao mama zao walikuwa na kinga wakati wa mimba na wale ambao hawakuwa nayo. Wakasema wa kwanza walisoma zaidi kwa kati ya miaka 0.35 na 0.56, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Magazeti yalishangilia. Lakini mwaka 2020 Bengtsson, Sävje na Peterson walirudia hesabu kwa takwimu zilizorekebishwa, na matokeo yale yakayumba. Mimi nasema hivi: ulemavu mzito wa bonde la Jimi haubishaniwi. Kiasi gani cha masomo kinapotea kwa upungufu mdogo, hilo bado ni bishano halali.

Nchi tajiri nazo zinabishana. Mwaka 1999 James Haddow na wenzake wa Maine, Marekani, walipima damu iliyokuwa imehifadhiwa na kukuta kwamba watoto wa mama ambao tezi zao zilikuwa zimelegea bila kutibiwa walipata wastani wa alama 7 pungufu kwenye majaribio ya akili. Kelele zikaanza: kila mjamzito apimwe! Kisha likaja jaribio la Uingereza na Italia la mwaka 2012, wanawake karibu 22,000, na halikuona tofauti kwa watoto wa miaka 3. Ila tiba ilianza wastani wa wiki ya 13. Unawakumbuka wale mama 6?

Na hapa ndipo kliniki zetu zinaponitia shaka. Wanawake wengi Tanzania huanza kliniki miezi 3 ikiwa imeshapita. Hata tungekuwa na vipimo kila zahanati, tungekuta ngwe ya kwanza imekwisha. Chumvi ndiyo inayomfikia binti kabla hajafikiria mimba. Sheria ya kuichanganya ilikuja katikati ya miaka ya 1990, na rovu kwa watoto wa shule likashuka kutoka asilimia 25 miaka ya 1980 hadi 6.9 mwaka 2004.

Halafu kuna Pemba. Kisiwa, samaki tele, nani angewaza aidini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu kwa asilimia 32 ya watoto wa shule waliopimwa kule, na kaya zenye chumvi ya madini joto zilikuwa kama asilimia 1 tu. Bahari iko mlangoni, chumvi inachotwa pale pale, na kwa sababu inachotwa pale pale haikupita popote penye mashine ya kuichanganyia.