Ndonya

Ndonya ni pambo la mdomo wa juu, lenye umbo la kisahani au kizibo, lililovaliwa na wanawake wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni sehemu ya nchi ya Wamwera.

Mdomo wa msichana ulitobolewa, kisha tundu likapanuliwa polepole kwa vijiti vinene zaidi. Ndonya zilichongwa kwa mti, mara nyingi mpingo. Zilikuwa alama ya urembo na ya utu uzima wa mwanamke. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani Karl Weule alizieleza na kuzipiga picha katika safari yake ya kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo. Katika karne ya 20 desturi hiyo ilififia.

Ndonya huonekana pia kwenye vinyago vya Kimakonde, vikiwemo vya ngoma ya mapiko. Hivyo pambo hili ni urithi unaostahili kuheshimiwa na kufundishwa.