Msomi wa Miamba Aliyeipata Almasi ya Mwadui

Basi la Shinyanga kwenda Mwanza likifika Maganzo, hakosekani abiria wa kunyoosha kidole upande wa Mwadui na kusimulia habari za Mzungu aliyeokota almasi chini ya mbuyu. Simulizi hiyo ni tamu, ila inaficha jambo kubwa. John Thoburn Williamson alikuwa msomi, na almasi ile aliitafuta kwa elimu.

Alizaliwa mwaka 1907 Montfort, kijiji kidogo cha jimbo la Quebec, Kanada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akikusudia kusoma sheria. Safari ya utafiti huko Labrador ikamvutia kwenye miamba, akahamia jiolojia na kusoma hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Huo ndio udaktari uliomfanya ajulikane Tanganyika kama Dokta Williamson.

Alifika Afrika mwaka 1934. Alianzia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kisha akaja kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini mwa Mwanza. Wakati huo macho ya wengi Kanda ya Ziwa yalielekea kwenye dhahabu. Mgodi wa Geita nao ulianza kuzalisha miaka hiyohiyo ya 1930. Waajiri wake walipokata tamaa na almasi, yeye aliendelea kutafuta kwa kujitegemea.

Alijua anachokifuata. Almasi huumbika chini sana ardhini, ikapandishwa juu na mwamba wa volkano uitwao kimbalaiti. Mwamba huo ukimomonyoka, huacha katika changarawe madini mazito kama ilmenaiti na ganeti. Mtafiti huchimba mashimo ya majaribio, huosha mchanga, huchambua kilichobaki, kisha husogea kule madini hayo yanakozidi. Kazi hiyo Williamson hakuifanya peke yake. Vibarua wa Kiafrika walichimba, wakabeba na kuosha, na ni haki watajwe kila linapotajwa jina lake.

Machi 1940 utafiti ulifika Mwadui. Mwamba uliopatikana una eneo la hekta 146 juu ya ardhi, mkubwa kuliko karibu yote inayochimbwa almasi duniani. Akishirikiana na Iqbal Chand Chopra, mwanasheria wa Mwanza, Williamson alijenga mgodi pamoja na mji wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilipochongwa zilibaki karati 23.6.

Alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo warithi wake waliuuza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Mwana wa kijiji aliifungua Mwadui kwa sababu palikuwa na chuo cha kumfundisha kusoma miamba. Watoto wa Kishapu, Kahama na Geita wanakulia juu ya miamba yenye mali, na wanastahili nafasi hiyohiyo. Halmashauri zao hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini. Fedha hizo zianze na maabara za sekondari na walimu wa fizikia, kemia na jiografia, ili watafiti wa kesho watoke hapahapa.