Historia ya neno «mtawanyiko wa wajibu»



Nyuma ya neno la elimu mara nyingi kuna kilio cha mtu. Saikolojia, ndiyo elimu inayochunguza nafsi na mwenendo wa mwanadamu, ina neno «mtawanyiko wa wajibu». Yafaa tujue lilizaliwa wapi, maana jambo linalotajwa na neno hilo linatuhusu sote.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1964, kabla ya mapambazuko, Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28, alishambuliwa kwa kisu karibu na nyumba yake mjini New York, akafa. Majuma mawili baadaye gazeti la The New York Times liliandika kwamba majirani 38 walitazama, na hakuna aliyewaita polisi wakati wa shambulio. Watu wakashtuka, wakasema kwamba maisha ya mjini yamefanya mioyo kuwa migumu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba habari ile ilitiwa chumvi: wengi walisikia kelele tu bila kuona kitu, na jirani mmoja mwanamke alishuka akampakata mwenzake aliyekuwa akifa. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikubali kasoro hizo. Hata hivyo, swali lilikuwa limekwisha kuzaliwa.

Wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, walilitazama swali hilo kwa namna nyingine. Je, yawezekana watu hawakusaidia, si kwa sababu walikuwa wabaya, bali kwa sababu walikuwa wengi? Katika jaribio walilolitangaza mwaka 1968, kila mwanafunzi alikaa peke yake chumbani, akizungumza na wenzake kwa chombo cha kupitisha sauti. Ghafla sauti moja ikaanza kukatika kama ya mtu aliyeshikwa na kifafa. Sauti ile ilikuwa imerekodiwa, lakini mwanafunzi hakujua. Kati ya wale walioamini kwamba wao peke yao wanasikia, 85 kwa mia walitoka kuomba msaada kabla sauti haijanyamaza. Kati ya wale walioamini kwamba wengine wanne wanasikia pia, ni 31 kwa mia tu waliofanya hivyo.

Tuangalie vema: waliobaki chumbani hawakuwa watu wasiojali. Wengi walikutwa wakitetemeka mikono na kutokwa na jasho. Kila mmoja aliweza kudhani kwamba mwingine amekwisha kwenda. Wajibu uliogawanywa kwa watu watano ulikuwa mwepesi mno begani mwa kila mmoja. Huo ndio mtawanyiko wa wajibu.

Mwaka 1973 Darley na mwenzake Daniel Batson walitangaza jaribio jingine, safari hii kwa waseminari 40 wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton, huko Marekani. Baadhi yao walitumwa kwenda jengo la pili kuhutubu juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani kulikuwa na mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kuugua. Waliokuwa na nafasi ya kutosha walisimama kwa 63 kwa mia. Walioambiwa kwamba wamechelewa, 10 kwa mia. Kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Wako hata waliomruka mgonjwa ili wawahi kuhubiri juu yake!

Basi, je, tumefungwa na hali zetu? Hapana. Mwaka 1978 Arthur Beaman na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi waliokwisha kufundishwa juu ya majaribio haya walisaidia zaidi kuliko wale wasiofundishwa. Anayejua jina la mtego huutambua anapoukaribia.

Kwa hiyo, vijana, mkimkuta mtu ameanguka sokoni au kando ya barabara, na umati umesimama, msihesabu waliopo. Kila mmoja ajihesabu kuwa yuko peke yake na yule aliyeanguka. Tena, asiseme kwa wote, «Mtu asaidie!», maana wajibu utatawanyika tena. Amtazame mmoja usoni na kumwambia: «Kaka, wewe mwenye shati ya bluu, nenda ukamwite muuguzi, nami nabaki hapa.»