Mafuta ya Samaki Chini ya Mlima Kenya

Simulizi za Wameru zinaanzia majini. Wazee wanasema mababu zao waliishi Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakiwatumikia mabwana walioitwa Nguo Ntune, mpaka kiongozi wao Koomenjwe alipowavusha maji, ikaanza safari ndefu ya kuelekea mlimani. Huko mlimani samaki hakupata nafasi chunguni. Kwa vizazi vingi, watu wa Imenti, tawi la Wameru, waliishi kwa wimbi, mtama, njahi, viazi vikuu, ndizi, maziwa na nyama, na kama majirani zao Wakikuyu, hawakumhesabu samaki kuwa chakula.

Leo, katika maduka ya dawa ya Nkubu, kando ya barabara ya Meru kwenda Embu, mafuta ya samaki yanauzwa kama dawa nyingine yoyote: ya maji kwa watoto, vidonge laini kwa watu wazima. Mzazi anayehesabu shilingi huuliza kama chupa ya bei nafuu inafaa. Jibu linategemea ni kazi gani anaitaka ifanye, maana kazi ya mafuta hayo imebadilika sana ndani ya miaka mia moja.

Sifa ya kwanza ya mafuta hayo ilitokana na uhaba wa jua. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, iliyofunikwa na moshi na ukungu, watoto walipinda miguu kwa matege. Mwaka 1919 mwanasayansi Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa mafuta ya ini la samaki, akaona matege yanazuilika. Mwaka 1922, Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba kinga hiyo haikutoka kwa vitamini A bali kwa kitu kingine, kilichokuja kuitwa vitamini D. Katika miaka ya 1930, wenye meli za uvuvi wa bandari ya Hull, Uingereza, walianzisha kampuni iliyozaa chapa ya Seven Seas, na Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto serikali ya Uingereza ikawagawia watoto wadogo mafuta hayo bure. Chapa hiyo ingali inajulikana na akina mama wengi wa Kenya.

Wajerumani walipoiteka Norway, iliyokuwa ikiyauza mafuta hayo, mwaka 1940, mafuta yakaadimika, na Afrika Kusini na India zikageukia ini la papa, lenye vitamini A nyingi. Waswahili walikuwa wakilijua ini hilo tangu zamani, ila kwa kazi nyingine: mafuta yake, sifa, hupakwa kwenye mbao za majahazi zisiharibiwe na maji. Baada ya vita viwanda vilianza kutengeneza vitamini A bila samaki, na biashara ya ini la papa ikaporomoka.

Hapo ndipo chupa ya bei nafuu ilipopoteza nusu ya hoja yake. Katika wiki za Malezi Bora, kampeni ya afya ya mama na mtoto, mtoto wa Kenya wa miezi 6 hadi 11 hupewa matone ya vitamini A yenye yuniti 100,000, na wa mwaka mmoja hadi mitano yuniti 200,000, mara mbili kwa mwaka, bure. Tangu 2012 sheria inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini hiyo hiyo. Kuhusu vitamini D, ambayo mwili huitengeneza kwa jua, Nkubu iko karibu kabisa na ikweta. Mtoto anayecheza nje hupata jua ambalo wenzake wa Hull walilikosa. Tena vitamini A ikizidi hujilimbikiza mwilini, na mjamzito anayemeza mafuta ya ini bila kupima anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kazi ya pili ilikuja miaka ya 1970, Bang na Dyerberg wa Denmark walipochunguza damu ya wenyeji wa Greenland na kuihusisha omega-3 na afya ya moyo. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 huwa na takriban miligramu 300 tu za EPA na DHA, ndizo omega-3 zenyewe. Hapa bei ya chini si kosa: vidonge viwili vyenye kiasi sawa cha EPA na DHA havitofautiani kwa uzuri wa kopo. Kinachoharibu ni joto na mwanga, vinavyoyachachusha mafuta. Lakini ahadi ya moyo imepungua nguvu. Utafiti wa VITAL uliotolewa 2018, wenye washiriki 25,871, haukuona gramu moja kwa siku ikipunguza kwa uhakika jumla ya matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa watu wasio na ugonjwa wa moyo.

Na samaki mwenyewe amekwisha kufika. Mpango wa serikali ya Kenya wa 2009 wa kufufua uchumi ulilenga mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, na kiwanda cha kusindika samaki kikajengwa Kanyakine, jirani na Nkubu. Mabwawa mengi nchini yaliachwa, chakula cha samaki kilipopanda bei. Perege wa bwawani hana omega-3 nyingi, lakini ana protini ambayo hakuna kidonge kinachoibeba. Omena wa Ziwa Victoria anamzidi: ana omega-3, na huliwa na mifupa yake, yenye kalsiamu. Nyumba inayomkubali omena haina haja ya chupa. Kidonge cha bei nafuu kinabaki na maana kwa mtu mzima asiyekula samaki kabisa, mradi asome kiasi cha EPA na DHA nyuma ya kopo kabla ya kulipa.