Marathon za mijini na gharama ya barabara zinapofungwa

MBIO za marathon ni miongoni mwa hafla chache zinazoweza kusimamisha shughuli za mji mkubwa bila ya mgomo wala maafa. Kwa saa kadhaa, barabara ambazo kila siku hujaa matatu, malori na magari ya kibinafsi huachiwa wakimbiaji peke yao. Watazamaji hushangilia, washindi hupewa hundi, na sura ya mji huonekana duniani kote kupitia runinga.

Hata hivyo, nyuma ya vizuizi vya polisi huwapo kundi jingine ambalo kamera hazilimuliki. Huyu amechelewa ibadani, yule anahofia kuachwa na ndege, na mwingine ana mgonjwa garini. Ni watu ambao hawakujisajili kwa mbio zozote, lakini barabara yao imechukuliwa.

Malalamiko ya wakazi aghalabu hupuuzwa kwa hoja kwamba ni usumbufu wa siku moja tu kwa mwaka. Utafiti uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba jambo hili si dogo kiasi hicho.

Chimbuko la mbio za mijini

Mbio za Boston, nchini Marekani, ndizo kongwe zaidi kati ya marathon zinazofanyika kila mwaka. Zilianza Aprili 19, 1897 kwa wakimbiaji 15 pekee. Umbali wa kilomita 42.195 unaotumika leo ulitokana na Michezo ya Olimpiki ya London ya 1908, ambapo wanariadha walitoka kasri la Windsor hadi uwanjani. Umbali huo uliidhinishwa rasmi mwaka wa 1921.

Kwa miongo mingi, mbio hizi hazikumkera mtu. Washiriki walikuwa wachache, na baadhi ya waandalizi walikwepa kabisa katikati ya mji. New York ilipoanzisha marathon yake mwaka wa 1970, wakimbiaji 127 walizunguka ndani ya bustani ya Central Park. Berlin nayo ilianza mwaka wa 1974 katika eneo la msitu wa Grunewald, kukiwa na washiriki wasiofika 300.

Mabadiliko yalikuja mwaka wa 1976, pale mbio za New York zilipotolewa bustanini na kupitishwa katika maeneo yote matano ya utawala ya jiji hilo. Mwaka wa 1981 Berlin ilifuata mkondo huo, na mwaka uo huo London ikaandaa marathon yake ya kwanza, ambayo zaidi ya watu 6,000 waliimaliza. Tokyo ilijiunga na orodha hiyo mwaka wa 2007.

Wakenya wanazifahamu vyema barabara za miji hii. Ibrahim Hussein alishinda New York mwaka wa 1987 na Boston mwaka uliofuata. Douglas Wakiihuri alitwaa London mwaka wa 1989, naye Tegla Loroupe akashinda New York mwaka wa 1994. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35 mnamo Oktoba 2023, na kuvunja rekodi ya dunia. Ushindi wote huo ulipatikana katika barabara ambazo wenyeji walikuwa wameombwa wasizitumie.

Mbona barabara hufungwa kwa muda mrefu?

Wengi hudhani kwamba barabara hufungwa kwa ajili ya mabingwa. Ukweli ni kwamba mabingwa hupita kwa kasi ya takriban kilomita 21 kwa saa, na mbio zao huisha kwa muda wa saa mbili hivi. Kinachorefusha muda ni umati unaowafuata.

Chukua mkimbiaji wa kasi ya Kiptum na mwenzake anayehitaji saa sita kumaliza mbio. Wakianza pamoja, watapishana kwa karibu nusu saa tu watakapofika kilomita ya tano. Kufikia kilomita ya 40, yule wa mwisho atakuwa nyuma kwa muda unaokaribia saa nne. Kwa hivyo, sehemu za mwanzo za njia zinaweza kufunguliwa mapema, ilhali zile za mwisho hubaki zimefungwa hadi alasiri.

Hesabu hii ndiyo msingi wa utaratibu wa kufungua barabara kwa awamu. Gari maalumu hufuata nyuma kwa mwendo uliotangazwa. Anayepitwa na gari hilo huombwa apande au ahamie kando ya barabara, na wafanyakazi huondoa vizuizi nyuma yake. Mji unaofungua barabara zote kwa wakati mmoja, baada ya mkimbiaji wa mwisho kufika, huwa umewaadhibu wakazi wa kilomita za mwanzo pasipo sababu.

Jambo la pili ni umbo la njia. Njia inayozunguka mtaa pande zote huwafungia wakazi ndani. Mashariki mwa London, mbio hizo hulizunguka eneo la Isle of Dogs, ambalo tayari limezingirwa na Mto Thames pande tatu. Jambo linalowapunguzia adha wakazi wa London na New York ni treni. Barabara ya juu ikifungwa, treni za chini ya ardhi huendelea kusafirisha watu.

Dakika nne zilizogharimu maisha

Mnamo Aprili 2017, jarida la kitabibu la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari na mwanauchumi Anupam Jena wa Chuo Kikuu cha Harvard. Watafiti walichunguza miji 11 ya Marekani yenye marathon kubwa kati ya 2002 na 2012. Hawakuwachunguza wakimbiaji. Waliwatazama wazee waliolazwa hospitalini kwa mshtuko wa moyo au moyo kusimama ghafla, siku ya mbio na siku nyingine zinazolingana nayo.

Matokeo yalishtua. Katika siku za kawaida, asilimia 24.9 ya wagonjwa hao walifariki katika muda wa siku 30. Miongoni mwa waliougua siku ya marathon, waliofariki walikuwa asilimia 28.2. Kwa maneno mengine, katika kila wagonjwa 100, zaidi ya watatu walipoteza maisha kuliko ilivyotarajiwa.

Chanzo kilionekana katika rekodi za ambulensi. Asubuhi ya mbio, safari ya kumpeleka mgonjwa hospitalini ilichukua wastani wa dakika 18.1 badala ya 13.7. Umbali haukuwa umebadilika. Ni muda uliorefuka kwa dakika 4.4. Ilipofika jioni, barabara zikiwa zimefunguliwa, tofauti hiyo haikuonekana tena.

Utafiti huo haukupendekeza marathon zipigwe marufuku. Ulichobainisha ni kwamba wanaoumia zaidi si wenye magari wanaopiga honi kwa hasira, bali wagonjwa ambao hata hawafahamu kwamba kuna mbio.

Siku New York ilipokataa

Mfano mashuhuri wa wakazi kushinda mabishano na waandalizi ulitokea New York mwaka wa 2012. Mnamo Oktoba 29, kimbunga Sandy kilipiga jiji hilo na kuua zaidi ya watu 40. Kisiwa cha Staten Island, mahali mbio huanzia, kiliathiriwa vibaya mno.

Meya Michael Bloomberg awali alisisitiza kwamba marathon ya Novemba 4 ingeendelea, akisema ingeinua uchumi na kuwatia wakazi moyo. Wenyeji walighadhabika. Walihoji vipi jenereta na maafisa wa polisi wangepelekwa kwenye mbio, ilhali familia zilikuwa gizani na shughuli ya kutafuta miili ingali inaendelea. Siku mbili kabla ya mbio, zilifutiliwa mbali, wakati ambapo maelfu ya wakimbiaji walikuwa wamekwisha kuwasili.

Tukio hilo lilifunza jambo moja: marathon huendelea kwa hisani ya wenyeji. Wakihisi kwamba hisani hiyo inatumiwa vibaya, hakuna mfadhili wala meya awezaye kuziokoa mbio.

Hali ilivyo Nairobi

Nairobi ilianzisha marathon yake mwaka wa 2003, kwa ufadhili wa benki ya Standard Chartered na kwa lengo la kuchangisha pesa za kuzuia upofu. Kwa miaka mingi, mbio hizo zilitegemea eneo la Uwanja wa Nyayo pamoja na Uhuru Highway na Mombasa Road.

Njia hiyo ilikuwa na mvuto wake, lakini ndiyo mshipa mkuu wa jiji. Mkazi wa South B anayempeleka mgonjwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta hana budi kuivuka. Msafiri anayetoka katikati ya jiji kwenda Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta pia huitegemea.

Katika miaka ya 2020, mbio hizo zilihamishiwa Southern Bypass, kituo chake kikiwa Uhuru Gardens, Lang'ata. Mei 8, 2022, jiji liliandaa mbio nyingine, Nairobi City Marathon, zilizopitia barabara mpya ya Nairobi Expressway siku chache kabla ya magari kuruhusiwa kuitumia kwa majaribio. Barabara ya kukwepa jiji na barabara ambayo bado haijazoeleka zote zina faida moja: zikifungwa, mji hupata pengine pa kupumulia.

Hata hivyo, Nairobi haina treni za chini ya ardhi. Matatu zikizuiwa, abiria hutembea kwa miguu au hulipa zaidi kwa bodaboda. Mchuuzi anayetegemea biashara ya Jumapili hupoteza riziki ya siku hiyo, wala hakuna anayemfidia. Kwa sababu hiyo, saa moja ya kufunga barabara Nairobi ni nzito kuliko saa moja London.

Katiba ya 2010 inagusa pande zote za mjadala huu. Kifungu cha 39 kinampa kila mtu uhuru wa kutembea, na kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu cha 10 nacho kinautaja ushirikishaji wa umma miongoni mwa maadili ya kitaifa.

Njia ya kupatanisha pande mbili

Si lazima kila mbio zipite katikati ya mji. Tangu mwaka wa 2000, marathon ya Lewa hufanyika ndani ya hifadhi ya wanyamapori. Mnamo Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathon kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 akizunguka katika bustani ya Prater, jijini Vienna. Boston nayo hutumia Jumatatu ya sikukuu ya jimbo, siku ambayo wengi hawaendi kazini.

Mahali ambapo jiji halina budi kutumika, yapo mambo manne ya msingi. Kwanza, tangazo litolewe wiki kadhaa mapema, likitaja kila barabara, saa ya kufungwa na saa ya kufunguliwa. Pili, viachwe vivuko vinavyojulikana, ambapo afisa anaweza kuwasimamisha wakimbiaji kwa sekunde chache ili ambulensi ipite. Tatu, hospitali zilizo karibu na njia zishirikishwe katika kupanga, si kuarifiwa tu. Nne, barabara zifunguliwe kwa awamu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalompunguzia mkimbiaji kasi wala kumnyima mshindi hundi yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Marathon ni mgeni mwenye heshima na manufaa mengi. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba ajapo, mwenyeji aliye mgonjwa hakosi njia ya kufika hospitalini.